Kibao cha Chuma Mlangoni

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtu wa kazi hiyo akikupenda hakuletei maua. Binti yake alipokuwa darasa la pili alimfunga kuku bandeji mguuni. Kuku akapona, au labda hakuwa anaumwa, hakuna aliyemuuliza. Basi kaka akakata kibao cha chuma, akakitia herufi tano, DOKTA, akakiweka kwenye mlango wa chumba cha mtoto. Mlango wenyewe wa chuma, na skrubu hakutumia: alikichomelea pande zote nne, kama mtu anayeogopa wezi wa vyeo.

Tangu hapo mtoto hakuitwa vingine. Majirani walimwonyesha magoti, ndimi na majipu. Mimi, shangazi yake, nilizidi wote kwa utani. Kila akiingia saluni kwangu niliwaambia wateja wapange foleni, daktari kafika.

Alasiri moja, akiwa sasa msichana wa sekondari, aliingia na sare yake, akaketi chini ya kikaushio ambacho hata hakikuwashwa, akafunika uso kwa begi.

"Dokta, leo umekuja kulazwa?"

"Shangazi, usiniite hivyo leo."

Mtihani wa kemia ulikuwa umerudishwa: thelathini na moja. Na mwalimu alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi kuna mtihani mwingine, na atakayepata chini ya arobaini anahamishwa kutoka darasa la sayansi. Akihamishwa, udaktari ndio basi.

"Umepanga nini?"

"Nipate tisini na tano."

"Kutoka thelathini na moja? Mwanangu, hata bei ya sukari haipandi hivyo."

Mteja niliyekuwa namsuka akacheka. Binti hakucheka. Macho yalikuwa mekundu. Wiki nzima alikuwa anaamka kabla ya jogoo, akisoma kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza, bila kupumzika, na bado alikuwa sura ya kwanza, ile aliyokuwa anaijua tangu zamani.

"Kwani lazima tisini na tano? Si wanataka arobaini?"

"Dokta gani anapata arobaini?" akaniuliza. "Bora nihame mwenyewe. Ila baba umwambie wewe. Nikimwambia mimi ataenda kukaa karakana bila kuwasha mashine."

Hapo utani ukaniishia mdomoni. Mimi nayajua hayo. Saluni yangu ya kwanza niliipa jina Makao Makuu, matawi yakiwa bado kichwani mwangu. Mwaka haukuisha nikawa nauza vikaushio kimoja kimoja, nikarudi kusukia watu kibarazani kwa mama.

"Unajua," nikaanza, "ukitaka kusuka kichwa kizima…"

"Shangazi, tafadhali. Usianze na nywele."

Mteja alicheka mpaka mstari niliokuwa nimeugawa ukapinda. Nikaacha hekima yangu, nikauliza swali la kijinga tu: "Hiyo thelathini na moja uliipata wapi?"

Akatoa karatasi begini. Kumbe tangu arudishiwe alikuwa ameangalia namba ya juu tu. Sasa akaanza kufunua, polepole, akipitisha kidole.

"Huku mwanzo nimepata karibu yote," akasema, kama anayemzungumzia mtu mwingine. "Hapa niliacha wazi. Hapa pia. Ni zile za hesabu. Nikiona hesabu ndani ya kemia nakimbia."

"Usipokimbia?"

Midomo yake ikahesabu kwanza. "Arobaini na tano hivi," akasema kwa aibu, utadhani kakamatwa na kuku wa watu. "Lakini ni ndogo, shangazi."

"Unaweza kuipata ukiwa umelala?"

"Hapana."

"Basi si ndogo."

Jioni hiyo nilimsindikiza kwao, nusu kwa huruma, nusu kwa kutaka kuona sinema. Kaka alikuwa anakunywa chai.

"Baba, naomba ukitoe kile kibao."

"Kimelegea?" Kaka alishtuka kwa ajili ya kazi yake kwanza.

"Hakijalegea. Kemia nimepata thelathini na moja. Kila nikiingia kulala najiona mwongo. Mwezi huu nataka arobaini na tano. Udaktari bado nautaka, baba. Kiweke uvunguni mwa kitanda chako, nitakuja kukidai."

Kaka aliangalia kikombe. Nilikuwa na utani mzuri kabisa, nikaung'ata pamoja na ulimi. Kisha akainuka, akaleta mashine ya kukatia chuma, na cheche zikaruka mpaka majirani wakatoka nje. Kibao kikaanguka. Mlangoni yakabaki makovu manne.

Kesho yake jirani mmoja alikuja na goti lake. Nikamwambia daktari kaenda masomoni.

Mwezi mzima binti alisoma zile hesabu tu, tena anazifanyia saluni kwangu, akinuna, akifuta, akinikataza kuimba. Jumapili alipumzika.

Siku ya matokeo tulikuwa wote uani kwao.

"Arobaini na tatu," akasema.

"Kati ya ngapi?" akauliza kaka.

"Mia."

Kaka alitikisa kichwa taratibu, kama anayepima dirisha la mteja. "Umebaki sayansi?"

"Nimebaki. Mbili zimeniponyoka, na najua zilipopita."

Kaka akatoa chaki anayoiweka nyuma ya sikio, ile ya kuchorea chuma, akasimama mbele ya mlango, katikati ya yale makovu.

"Haya. Sasa niandike nini?"

Nilifungua mdomo kusema tisini na tano. Binti akanifinya kabla sijatoa hata herufi. Akahesabu kwa vidole, mara mbili.

"Hamsini na tano."

Kaka akaandika, namba kubwa za geti, akarudi nyuma kuzitazama.

"Hii inafutika," akamwambia. "Ukifika, futa mwenyewe."