Chiriku Kwenye Foleni ya Laptopu

Dirisha la mhasibu wa chuo lilichelewa kufunguliwa, kama kawaida yake, na foleni ilikwishazunguka jengo la utawala mpaka kwenye vyoo. Wanafunzi walikuwa wameitwa kuchukua laptopu zao. Msusi alimkuta binti yake katikati ya foleni, nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akisinzia wima. Binti huyo alifariki muhula wa kwanza, kwa homa ya mapafu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Kule hatuli.”

Alipokuwa hai walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa maneno yalimtoka moja moja, kama maji ya bomba siku za mgao. Nywele zilikuwa zimekua na kutimka. Msusi akatoa kitana mkobani, akasimama nyuma yake, akaanza kusuka. Foleni ikisogea, nao wanasogea.

Baada ya matanga, msusi alikuja hapo na cheti cha kifo, akaomba marehemu asidaiwe ada ya laptopu. Mhasibu alikisoma, akampa pole ya kweli, kisha akaeleza kwamba mpango ule ni wa kila mwanafunzi, na anayetaka kujitoa lazima afike mwenyewe.

“Mwenyewe yuko kaburini.”

“Basi akifika tutamsikiliza, mama.”

Msusi hakutaka mwanawe alale na deni. Aliuza kioo kikubwa cha saluni na viti vya wateja, akalipa. Ndiyo maana wanafunzi walipoitwa, Chiriku naye aliitika.

Walipofika dirishani, mhasibu alilinganisha kitambulisho na uso.

“Wewe ndiye uliyefariki?”

“Ndimi.”

“Pole sana. Laptopu zimekwama bandarini. Kuna nyongeza kidogo ya kuzikomboa. Atakayelipa tutamwita tena.”

“Mimi nimekuja kujitoa,” alisema Chiriku.

Mhasibu akamsogezea kalamu. “Saini hapa. Jina likifutwa, hutaitwa tena.”

Kitana kikasimama. Kule nje, kwenye maegesho, dereva alikuwa akifuta vumbi kwenye gari jipya la mkuu wa chuo. Viti vyake vilikuwa bado na nailoni.

“Hajitoi huyu,” msusi akasema.

“Mama, saluni imebaki kuta tupu. Utalipa kwa pesa gani?”

“Kuta nazo zina mnunuzi.”

“Hizo laptopu hazipo, mama. Hazikuwahi kupakiwa melini. Kule tuliko tunajua.”

“Hata mimi najua,” alisema mama yake. “Tulia, nimalize upande huu.”

Mhasibu, ambaye alisikia yote, akairudisha kalamu yake mfukoni na kuita anayefuata.

Jioni, walinzi wa getini walimpekua Chiriku kama walivyowapekua wenzake, wakamruhusu atoke. Mama yake alimtazama mpaka akapinda kona ya njia ya makaburini, kisha akaenda kumtafuta dalali.

Muhula uliofuata, nyongeza ilipanda. Msusi aliwahi foleni alfajiri, lakini akawakuta wazazi wengi wamemtangulia. Huyu ameshika mkono wa mwanawe aliyezama mtoni, yule anamfunga wake aliyegongwa na lori vifungo vya shati. Hakuna aliyeuliza habari za laptopu.