Mtumbwi Zizini

Rafaeli alirudi kutoka matangani Buswahili akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkewe Marcelina aliingia ndani kuvua viatu, lakini yeye hata mzigo hakutua. Akapitiliza moja kwa moja ziwani kuuangalia mtumbwi wake. Mtumbwi haukuwepo. Kilichobaki pale ufukweni ni kigingi tu, na alama ya kitu kizito kilichoburutwa kuelekea nchi kavu.

Wake, tuseme hivyo. Tangu Operesheni Vijiji iwakusanye watu hapa jirani na Murangi, mtumbwi ulikuwa mali ya kijiji. Rafaeli aliutoa mwenyewe mbele ya mkutano, akapigiwa makofi mpaka akaona haya. Makofi yalikuwa mazuri, hasemi kitu. Shida ni kwamba pamoja na makofi alipewa kikosi cha uvuvi: wanaume wa kutoka upande wa Bunda, wakulima wa pamba na wafugaji, watu ambao kabla ya kuletwa huku maji mengi waliyoyajua yalikuwa ya kunyweshea ng'ombe. Tena mwenyekiti wa kijiji, Makongoro, kwa sababu anazozijua yeye na Mungu wake, akamchagua mmoja wao kuwa mlinzi wa vifaa. Jina lake Mhoja.

Mhoja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Rafaeli kuliko yote. Mtu mbaya unamtukana, unakwenda kulala. Mhoja alikuwa mpole, mchapakazi, anaamkia watu kwa mikono miwili, na kila alichokigusa kiliharibika. Samaki alikuwa hali. Ziwa alikuwa analiogopa. Alihamia huku na mkokoteni wake wa ng'ombe, mama yake na watoto wakiwa juu, na kila Jumapili aliupaka mafuta magurudumu huku akimwambia kila apitaye, "Huu ndio utanirudisha kwetu Bunda."

"Nenda hata leo!" Rafaeli alikuwa akijibu moyoni.

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, jua linachoma mpaka mawe yanalia, na mawingu ya vuli yameanza kujikusanya ng'ambo ya ziwa. Mvua ya kwanza ikishuka tu, mto Suguti unageuka rangi, na samaki aina ya ningu wanaacha ziwa kwa makundi kwenda kutaga juu mtoni. Ndio msimu wenyewe. Makongoro alikuwa ameshatamka: ningu wakipanda bila mtumbwi wa kijiji kuwa majini, kikosi kinavunjwa, wote wanakwenda shamba la pamba. Wenzake wangeshangilia. Rafaeli pamba aliijua kwa kazi moja tu, ya kuziba nyufa za mtumbwi. Alizaliwa mvuvi, ameota mvi akiwa mvuvi, na habari ya kuanza kung'oa mashina ya pamba uzeeni ilimnyima usingizi.

Alizifuata zile alama za kuburuta. Zilimpeleka mpaka kwa Mhoja, zikaingia zizini.

Mtumbwi ulikuwa katikati ya zizi, juani, ndama amefungwa kwenye pua yake ya mbele. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana. Na nyufa zote, kutoka mbele hadi nyuma, zilikuwa zimekandikwa mavi ya ng'ombe, yakalainishwa vizuri kwa kiganja.

"Mungu wangu," Rafaeli alisema. "Mungu wangu, Mhoja. Ni nini hiki?"

"Karibu mzee, pole na msiba." Mhoja alitoka mbio akifuta mikono. "Ulipoondoka nikasema, mali ya watu haiwezi kulala nje peke yake. Wezi je? Sisi kwetu mali inalalaga zizini, unaisikia inavyopumua."

"Mtumbwi unapumua?"

"Basi ukaanza kupasuka. Nikauhurumia. Nikauziba kama tunavyozibaga ghala la mtama. Ghala langu halijawahi kuvuja."

Alisema kwa fahari kabisa, macho yanang'aa, anangoja asante. Rafaeli alichokonoa ufa mmoja kwa kidole. Ni wapi angeanzia? Mtu gani mzima anahitaji kuelezwa kwamba mtumbwi hukaa majini?

"Mfungue ndama wako," alisema, "halafu usiniguse, usiniulize, wala usinifuate."

Aliwaita vijana wa jirani wakambebea hadi ufukweni. Akabandua yale mavi kwa panga, akatukana mpaka matusi ya Kiswahili yakamwishia akahamia ya nyumbani. Kisha akausukuma mtumbwi palipo na kina cha kiuno, akaujaza mawe mpaka ukazama wote. Huko chini mbao zingekunywa maji taratibu, zingevimba, zingekumbatiana tena. Siku chache tu. Marcelina alimletea uji, akamwona Mhoja amesimama mbali kwenye matete, mikono kichwani.

"Baba Bernado, mweleze mwenzio unachofanya."

"Nimweleze nini? Ana macho."

"Ana macho ya ng'ombe. Mweleze."

"Sielezi mtu!" Na kweli hakueleza.

Asubuhi aliamshwa na sauti ambayo hajawahi kuisikia ziwani: mjeledi, na mtu anapiga miluzi ya kulimia. Alitoka na shuka kiunoni. Maksai wanne wa Mhoja walikuwa wamesimama kwenye mchanga, wamefungwa nira, mnyororo umenyooka hadi majini, na Mhoja mwenyewe, mtu anayeliogopa ziwa, yuko ndani maji yamemfika kifuani, anapiga kelele, "Vuta! Vuta! Mali ya kijiji inazama!"

"Acha!" Rafaeli alipayuka. "Acha, mjinga wewe, acha!"

Ng'ombe hawaelewi mambo hayo. Walivuta. Mtumbwi umejaa mawe, mzito kama kanisa. Ukalia mlio mmoja, na maksai wakapanda ufukweni wakikokota pua ya mtumbwi na mbao mbili za ubavuni. Mwili ulibaki chini.

Rafaeli alikaa mchangani akashika tama. Hasira zilikuwa zimempita kimo, hata tusi hakuliona.

Makongoro aliitisha kikao asubuhi hiyo hiyo. "Nani alizamisha mali ya kijiji?"

"Mimi," Rafaeli alisema. "Nilikuwa nauponya. Mbao zikikauka unazinywesha maji, zinajifunga. Watoto wote wa ziwani wanajua!"

Mhoja alisimama polepole, maji bado yanamchuruzika.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

Hakuuliza kwa ubishi.

"Aliyeuvunja ni mimi," Mhoja akamwambia mwenyekiti. "Yeye asisemwe."

"Simsemi mtu," alisema Makongoro. "Mbao za kununua ni mpaka Musoma, na huko kwenyewe hazipatikani. Neno langu ni lile lile. Mvua ikija hamna mtumbwi, mnakwenda shambani."

Rafaeli alijifungia nyumbani. Akigeuka huku, mawingu. Akigeuka kule, Marcelina anayenoa jembe la shambani. Jioni moja radi ilinguruma upande wa Suguti. Hakuvumilia, akatoka kwenda kuuaga mtumbwi.

Mhoja alikuwa majini tena. Kando yake chini ya maji kulikuwa na rundo la mbao, mawe yamepangwa juu yake kwa uangalifu. Kwenye mchanga yalilala magurudumu mawili, yanang'aa mafuta.

"Mhoja. Hizo mbao umezitoa wapi?"

"Nyumbani." Alielekeza kidevu kwenye magurudumu. "Ni mninga, mzee. Zimetembea kutoka Bunda hazikupasuka. Nazinywesha kwanza, kama ulivyosema."

"Na Bunda utarudi na nini?"

Mhoja aliinama kusawazisha jiwe lililokwisha kukaa sawa.

"Watoto wanakulaga samaki siku hizi, furu hawa," alisema. "Hata mama analamba mchuzi."

Rafaeli aliyatazama yale magurudumu, kisha akafoka.

"Sasa nani kakwambia mbao za kuunganisha zinazamishwa? Eeh? Mbao inapigiliwa ikiwa kavu, ndipo inanyweshwa! Umelowesha mbao zote, Mhoja! Zote! Mvua iko pale mlangoni, na wewe umelowesha mbao!"

"Hukuniambia," alisema Mhoja.

"Haya, nakwambia sasa. Sikiliza, na usinikatize."

Akavua kandambili, akaingia majini, akaanza kuyatoa mawe huku anaeleza toka mwanzo.