Viraka vya Mashati

Fundi cherehani mmoja, mjane, alishona blanketi la viraka kwa mashati ya marehemu mumewe, akalipeleka hospitali ya wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Muuguzi akampeleka kwa askari aliyepoteza macho, ambaye tangu aletwe alikuwa kimya kama maji mtungini.

Askari alilipapasa blanketi polepole, kiraka kwa kiraka, mpaka vidole vikasita.

"Mama, hapa mshono umekwenda upogo."

"Hapo nilipiga chafya, mwanangu. Lete nikafumue."

"Usithubutu!" Askari akacheka, akalivuta mpaka kidevuni. "Na hiki ni cha rangi gani?"

Fundi akavuta kiti. "Buluu. Shati hilo mzee wangu alilivaa siku ya ndoa yetu, likambana tumbo kutwa, naye akashikilia kwamba limemkaa!"