Mbuzi Aliyekataa Mikono ya Wengine

Watu wa ushirika wa serikali walipokuja kumchukua mbuzi wa mwisho, Havushe hakulia. Alikwisha kulia walipochukua shamba, akalia tena walipochukua punda, na machozi nayo yana kikomo. Alimfungua mbuzi huyo, Lara, akamkabidhi Rrapo, mkuu wa brigedi ya wakulima, kisha akarudi ndani kwa mke wa mwanawe, aliyekaukiwa maziwa, na kitoto chake kichanga kinachofyonza kidole.

Lakini mbuzi hasomi maazimio ya Chama. Kila jioni kundi la ushirika lilipoteremka kutoka milima ya Kurvelesh, Lara alichomoka akaja kusimama mlangoni, chuchu zimejaa. Na kila jioni Havushe alimshika pembe, akamrudisha zizini bila kumkamua, maana majirani wana macho, na kwa tone moja la maziwa ya ushirika mtu hufungwa. Safari hiyo ilimchosha kuliko jembe.

Wiki haijaisha, Rrapo akapiga hodi.

"Mbuzi wako kagoma, mama," alisema, akijibwaga kizingitini. "Wakamuaji wanaambulia mateke tu. Na si yeye peke yake, ni zizi zima."

"Si wangu. Ni wa ushirika. Si wewe uliyetuhutubia?"

"Nilihutubia, ndiyo. Sasa lori la maziwa linaondoka tupu, na wilayani wananikaba koo. Njooni alfajiri, kila mama amkamue wake."

"Tuukamulie ushirika?"

"Ndiyo hivyo. Usiniangalie hivyo mama, na mimi nimechoka."

Basi alfajiri Havushe akaenda. Lara aliponusa mikono yake alitulia, maziwa yakamiminika kwenye ndoo ya serikali. Alikamua kwa uchungu, akimfikiria mjukuu wake anayenyweshwa maji ya sukari. Rrapo alipogeuka kugombana na dereva wa lori, Havushe aliuzamisha upindo wa kitambaa chake cheupe cha kichwani ndani ya ndoo, akauficha haraka chini ya kidevu.

Langoni Rrapo alimsimamisha. Matone meupe yalikuwa yanamchuruzika shingoni.

"Kitambaa kimelowa, mama."

"Umande."

Rrapo alitazama majani yaliyoungua kwa jua la kiangazi cha mwezi wa saba, hayana hata tone. Akawatazama wanawake waliokuja nyuma ya Havushe, kila mmoja kitambaa kimemgandama shingoni, kila mmoja akitazama chini. Mkewe mwenyewe alikuwa wa tatu.

Akasogea pembeni, akawaachia njia.

"Wahini basi," alisema. "Jua likitoka, umande hukauka."