Siku Kumi na Nne za Shangazi

Hakuna barua ya ofisi inayonishinda mimi. Ndiyo maana asubuhi ile, kwenye dirisha la rufaa, shangazi alisimama nyuma yangu kama mgonjwa nyuma ya daktari. Sketi yake alikuwa ameinyoosha mpaka mikunjo ingekata mkate. Miaka sita anapiga pasi mashuka ya hoteli, na bado anadhani unadhifu ni ushahidi.

Ombi lake la hifadhi ya ukimbizi lilikuwa limekataliwa. Eti haaminiki: anakumbuka rangi ya geti lililovunjwa na watu waliomchukua mumewe, lakini tarehe kaisahau. Mabwana wakubwa! Kumbe mtu akikimbia abebe na kalenda. Barua nilimsomea juzi, na siku kumi na nne za kukata rufaa zilikuwa zimeshapita. Akinyimwa muda wa nyongeza, anarudishwa kulekule kwenye geti.

Karani alikuwa na uso wa mtu aliyemeza muhuri. "Sababu ya kuchelewa?"

"Posta, bosi," nikasema. "Si unawajua? Kobe wana afadhali. Barua imefika juzi."

"Juzi ya wapi?"

Huyo hakuwa karani. Alikuwa jirani yetu, tuliyemleta athibitishe makazi ya shangazi. Mimi humwita Redio, kwa kuwa hazimiki.

"Nilikukabidhi mkononi, Jumatano ile unanyolewa kibarazani. Ukasema, 'Haya ni matangazo tu.' Leo siku ya ishirini!"

Shangazi akanigeukia. "Hukuisoma?"

"Nili... niliipitia, shangazi."

"Kama kuku alivyopitia shule!" akadakia Redio.

Foleni nzima ikacheka. Nikasubiri kofi, halikuja, na hilo ndilo lililoniuma.

Karani akasukuma fomu chini ya kioo. "Kama kosa si la mama, hiyo ni sababu. Siahidi kitu, hakimu ndiye atakayeamua. Ila aandike aliyekosea, kwa mkono wake."

Shangazi aliilaza fomu mbele yangu, akaipapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama anavyolaza shuka kabla ya kulipiga pasi.

Nikaandika: *Barua ilichelewa kwa sababu*

"Barua haikuchelewa," Redio akasema, pumzi yake sikioni mwangu. "Futa. Anza na wewe."