Sengu ya Kota ya Kahawa

Ukitoka Mbinga mjini kuelekea kilimani, kabla hujalifikia geti la chuo, utaiona Kota upande wa chini wa barabara: nyumba za matofali ya kuchoma zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kila moja na kibaraza chake na mabati yaliyoshika kutu. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha kukoboa kahawa, enzi hizo ushirika una nguvu, na waliozijaza walikuwa vijana wenye vifua vya kubebea magunia. Kisha soko la kahawa likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakamiminika na magari yao, ushirika ukalegea, kiwanda kikapigwa kufuli, na nyumba wakauziwa wenyewe waliokuwa wakiishi humo. Kabla watu hawajamaliza kulalamika, chuo kule juu kikapandishwa hadhi kuwa tawi la chuo kikuu, na wanafunzi wakateremka kutafuta vyumba. Basi wazee ambao migongo yao ilikuwa haijasahau magunia wakaanza kuitwa "baba mwenye nyumba" na watoto wanaosomea mambo yenye majina marefu. Sikusikia hata mmoja aliyeukataa ukubwa huo.

Ottilia, aliyekuwa mchambuaji wa kahawa kiwandani, alimpangisha Edina chumba cha uani. Edina alikuwa binti wa Lundo, kule mwambao wa Ziwa Nyasa, Mwanglikana, akisomea ualimu. Mpole, lakini si wa kuburuzwa. Kitinda mimba wa Ottilia, Urbani, alikuwa na kibanda cha fotokopi mbele ya geti la chuo, na haikuchukua muda majirani wakaona kwamba karatasi za Edina zinatoka safi kuliko za wengine na zinapelekwa mpaka mlangoni. Ottilia naye aliona. Alimpenda yule msichana kwa jinsi alivyofagia uwanja bila kutumwa, na Urbani alipotamka kwamba anataka kupata jiko, na jiko lenyewe ni Edina, mama alifurahi mpaka akaunguza maharage.

Furaha hiyo haikufika hata jioni. Mumewe, Mzee Damiano, alijikuna kidevu, akauliza, "Mama Katarina, si huyu ndiye aliyeleta mbasa?"

Hapo Ottilia akaikumbuka sheria ya sengu.

Mmatengo hahitaji kuelezwa, lakini wapo watu wa mbali, acha niwafafanulie. Huko vijijini, jioni, watu wa ukoo mmoja hukusanyika kwa babu. Kila nyumba huleta chakula chake, wakala pamoja, na wakishanawa mikono ndipo mambo ya ukoo huzungumzwa. Hiyo ndiyo sengu. Kota haikuwa na babu wala ukoo, maana wafanyakazi walitoka kila kilima, lakini kula peke yako nyuma ya mlango waliona ni uchawi mtupu. Kwa hiyo walianzisha sengu yao barazani kwa Damiano, aliyekuwa mnyapara wa ghala, na hata wanawake wa uchambuzi walipewa nafasi yao kwenye ukuta. Na kwa kuwa nyumba zilishikana na watoto walikuwa wakikua pamoja, wakajiwekea sheria ya kwao wenyewe, ambayo hutaisikia kwingine: aliyeweka chakula chake kwa mkono wake kwenye mkeka wa sengu ni mtoto wa sengu, na watoto wa sengu hawaoani. Walitaka kila baba aende zamu ya usiku na moyo mweupe, bila kuwaza binti zake na vijana wa jirani.

Sasa Pasaka ya kwanza ya Edina pale Kota, kwao walimtumia mbasa wa kukaushwa kwa lori lililopanda kutoka ziwani. Kwao samaki wa nyumbani haliwi kwa kujificha. Aliwaunga kwa nyanya, akamuuliza mama mwenye nyumba awagawe wapi. Na Ottilia, ambaye nia yake ilikuwa majirani wamwone mpangaji aliyempata, alimwambia awapeleke mwenyewe barazani. Edina akapiga magoti, akaweka bakuli mkekani. Wazee walikula mpaka miiba ikanyonywa, na Damiano akasema, "Ahsante, binti yetu." Hakuna aliyewaza mbali. Shibe ina mambo yake.

Utasema, mama huyu anahangaika bure. Kiwanda kimekufa, mabakuli yanayofika barazani ni matatu au manne, nyumba nyingine wanakula ndani wakitazama televisheni. Sheria ya nini tena? Hata mimi ningesema hivyo, kama si Katarina.

Katarina ndiye kifungua mimba wa Ottilia, aliyempa jina ambalo mume na majirani wanamwita nalo mpaka leo. Alipokuwa msichana alipendana na Adrian, mtoto wa Cuthbert wa nyumba ya pili. Wote wawili walikuwa wamebeba mabakuli ya mama zao kwenda mkekani tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo walikuwa kaka na dada kwa sheria ya Kota, ingawa hawakuhusiana hata kwa tone la damu. Ottilia ndiye aliyesimama kidete. Alimwambia binti yake kwamba mtu haolewi na kaka yake, na kwamba kama hasikii, mlango ule pale. Katarina aliupita mlango. Akaenda Songea, akajifunza cherehani, akaolewa, akaachika kimya kimya, na Kota alikuja kwenye misiba tu, akiondoka kabla ya matanga kuvunjwa. Adrian alioa msichana wa Liparamba na sasa ana watoto wanne.

Ndiyo maana Ottilia hakulala vizuri. Sheria ikisimama, Urbani atampoteza Edina, na pengine ataufuata mlango aliopita dada yake. Sheria ikianguka, basi alimfukuza mwanawe wa kwanza kwa ajili ya kitu ambacho kingeweza kuondolewa jioni moja, kati ya ugali na kunawa. Alijikuta akiombea yote mawili yasitokee, na Mungu hana namna ya kuipokea sala kama hiyo.

Damiano akaitisha sengu. Walikuja hata wale wa televisheni, maana habari ya namna hiyo haiwapiti. Urbani alieleza nia yake, akaketi. Edina alikaa ukutani karibu na Ottilia, mikono mapajani. Aliulizwa kama aliijua sheria alipoleta mbasa, akajibu kwamba hakuijua, na kwamba angeijua angewaleta vilevile, maana wazee wasingekosa samaki kwa ajili yake. Wazee wakacheka, na kwa kicheko kile ilionekana wazi kwamba wengi walikuwa upande wake. Mmoja akasema sheria hiyo ilikuwa ya kiwanda, nayo ingezikwa na kiwanda. Wengine wakaitikia.

Cuthbert hakuitikia. Alikuwa mzee mwembamba, asiyependa maneno, na alisubiri mpaka kelele zikaisha.

"Mimi sina ugomvi na Urbani," alisema. "Lakini hapa kwenu na kwangu kuna watu waliotengwa kwa sheria hii. Mwanangu huyu hapa, nimemuuliza, amesema yeye amesamehe. Wenu hayupo. Mama Katarina, nenda kamuulize mwanao. Akikubali, na mimi nimekubali."

Ottilia aliomba waende wengine. Walisema aliyefunga mlango ndiye anayejua kitasa chake kilipo.

Akapanda basi la Songea akiwa na mfuko wa mahindi ya kuchoma na kuku hai, kana kwamba anakwenda kuposa. Alimkuta Katarina barazani kwa duka moja karibu na soko, anashona sare za shule. Katarina aliinuka, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamtafutia kigoda, akarudi kwenye cherehani. Ottilia alizunguka weee, akauliza hali, akasifia mshono, mpaka maneno ya pembeni yakamwishia, ndipo akasema lililomleta.

Katarina alimaliza ule mshono mpaka mwisho wake, akakata uzi.

"Kwangu mlisema ni mila. Kwa Urbani mnasema ni mambo ya zamani. Yaligeuka ya zamani lini, Mama?"

Ottilia aliuokota ule uzi, akauzungusha kidoleni.

"Simzuii Urbani. Sina kisasi na mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini rudi ukawaambie ni nani aliyekataa. Waambie mbele ya Adrian. Nitakuja kusikia."

Ottilia alipouliza anamaanisha nini, Katarina alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Baba yake alikuwa amemwambia kila kitu, alisema, siku ile ile ya kufukuzwa kwake, alipomsindikiza stendi. Alikuwa anajua miaka yote hiyo. Mama aliyeamini kwamba siri yake ameifukia vizuri aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kuku aliyemleta akalia pale chini ya kigoda kama anayemcheka.

Jumamosi iliyofuata mkeka ulitandikwa. Katarina alikuja, akasalimia kila mmoja kwa zamu, akaketi ukutani, mbali kidogo na mama yake. Chakula kililiwa, watu wakanawa mikono. Damiano akamtazama mkewe. Ottilia akasimama. Kwa kawaida mwanamke husema akiwa ameketi, lakini aliona kwamba akiketi hataweza.

"Siku za Katarina na Adrian, huyu baba Katarina alikuwa tayari," alisema. "Aliniambia tuwaite nyote tuiondoe sheria, watoto wasiteswe na mkeka. Mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa wanawake wenzangu wa uchambuzi watasema mke wa mnyapara ameivunja sheria kwa ajili ya mtoto wake. Nilimtoa mwanangu ili nisichekwe. Nikaiita mila. Haikuwa mila, ilikuwa aibu yangu."

Wanawake wale wale wa uchambuzi, wachache waliobaki, walikuwa wanatazama vidole vyao. Adrian aliinamisha kichwa, kisha akainuka taratibu akaenda kwake. Mkewe alimpokea mlangoni na mlango ukabaki wazi. Cuthbert alifuta macho kwa kofia. Baadaye akasema kijana na aoe, na kuanzia jioni hiyo bakuli libaki bakuli tu, anayeshiba ashibe. Damiano akasema amesikia. Ndivyo sheria ya Kota ilivyokufa, bila mtu wa kuililia.

Edina alikwenda kumshika Katarina mkono. Urbani alitaka kushangilia, akaona uso wa dada yake, akaacha.

"Nimekusikia, Mama," ndiyo maneno pekee Katarina aliyomwambia mama yake usiku huo. Ottilia alikuwa ametarajia machozi, au matusi, au walau kukumbatiwa, na kwa kuwa hakupata hata kimojawapo alitandika kitanda cha binti yake mara mbili.

Asubuhi alimsindikiza stendi, amembebea mfuko. Basi lilikuwa linanguruma. Katarina aliingia, akapata kiti cha dirishani, akafungua kioo.

"Harusini nitakuja," alisema. "Ila nitakaa upande wa bibi harusi, na wale wa Lundo."

Ottilia akamuuliza kwa nini amfanyie hivyo, dada mtu kukaa upande wa wageni, watu watasemaje.

"Yule ni mdogo wangu, baba alimwita binti yetu mbele ya wote. Na anakuja kukaa nyumbani kwako, Mama. Siku ukimfungia mlango, nataka ajue pa kukimbilia."

Ottilia alitaka kuapa kwamba siku hiyo haitakuja. Akakumbuka kwamba kiapo chake kwa mtoto huyu hakina uzito. "Mpe anwani yako kabisa," alisema, na akabaki amelishika dirisha mpaka utingo alipomwomba aachie.