Siku Kisio Alipopewa Jina

Siku ile nilitoka kazini na moyo mzito. Kituo chetu cha utafiti wa hali ya hewa kilikuwa kinatayarisha taarifa ya mvua kwa wakulima wa bondeni, wapate kujua wapande lini, na katika takwimu za zamani nilikuta msimu mmoja wenye mvua nzuri kupita kiasi, usiojulikana nani aliupima wala kwa chombo gani. Nilipomwonyesha mkuu wangu, Bwana Ngonyani, alinitazama kwa uchovu. "Sekela mwanangu, watu wanasubiri. Ziache takwimu zilivyo." Nikarudi nyumbani, nikajilaza mkekani jua likiwa bado juu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya ukungu ambamo namba zote zilikuwa watu, wakitembea makundi kwa makundi kuelekea mji uitwao Hukumu, ambako neno lao lingeamua shamba lipi lipandwe na lipi lingoje. Njiani alisimama mtanashati mmoja, Haraka, akiwavua wasafiri nguo zao chakavu na kuwavika kanzu nyeupe za kufanana. "Vumbi la nini? Mjini hawaulizi mtu katoka wapi!" Kanzu zile zilipendeza, nami ningemfuata, lakini mama mmoja mwenye sauti ya upole akanishika mkono. "Mimi ni Asili," alisema. "Vumbi hilo, mwanangu, ndiyo njia waliyopita. Ukilifuta, hata mkweli hatakuwa na shahidi."

Akanikalisha langoni mwa mji, akawa anampokea kila mmoja kama mgeni aliyetoka mbali: umezaliwa wapi, nani alikubeba, nani alikubadilisha njiani? Akaja mwanamke anayechechemea. "Mimi ni mvua ya kilimani. Ndege alijenga kiota ndani ya kipimo changu, maji yakamwagika. Nimepungua, mama." Nilidhani atarudishwa. Asili akamkumbatia. "Pita. Anayetaja kilema chake tunajua pa kumshika."

Kisha Haraka akamsukuma mbele yetu kijana mzuri kuliko wote. Alipoulizwa kwao, machozi yakamlengalenga. "Sijui. Palikuwa na pengo, nikawekwa hapo. Hakuna tone lililowahi kunigusa. Waliniita Mvua, nami nikaitika."

"Mwongo huyu, afukuzwe!" nikasema kwa hasira.

Asili akatikisa kichwa. "Hakujiita mwenyewe." Akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake. "Wewe ni Kisio. Kaa na wenzako, ila usiseme ulinyesha." Kijana akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akatabasamu, na tabasamu lile likanichoma moyo.

Nikaamka shavu limelowa. Mume wangu, Lutengano, alikuwa ameinama juu yangu. "Unalia nini?"

"Kuna mtu tumempa jina lisilo lake," nikamjibu, na papo hapo nikaelewa. Nikampigia simu Bwana Ngonyani. "Mzee, ule msimu tusiufute, wala tusiuite mvua. Tuandike ni makisio, chanzo hakijulikani, na siku ya kupanda tuitafute bila huo."

"Basi siku itasogea mbele," akasema, "na watatuuliza maswali."

"Watuulize, mzee."

Akaguna, kisha akacheka kidogo. "Haya, mwanangu. Njoo tuandike pamoja."

Tulipowaambia wakulima wangoje, wengi walinung'unika. Mama Atupele, mwenye shamba karibu na mto, akasimama. "Ninyi mnajuaje?" Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikaanza kumsimulia kila namba ilikotoka.